Kipengele cha Sita

Tangu Jumatatu Luhende hakukaa kitako. Akikaa anainuka, akiinuka anasahau alichoinukia; anakwenda dirishani, anarudi, anafungua droo, anaifunga bila kutoa kitu. Alikuwa mtendaji wa kata mojawapo ya hapa Mwanza, kata ya mawe na magugu maji, jina lake silitaji maana wenyewe wapo na wana masikio. Ni mtu mzito, wa mihuri na kalamu tatu mfukoni, ambaye watu walizoea kumkuta kajaa kwenye kiti chake kama gunia la mpunga. Wiki ile walimkuta mlangoni, wakamkuta uani, na mmoja alimkuta kasimama juu ya jiwe anatazama kivuko cha Kamanga kinavyokuja na kuondoka, wala hakuwa na mgeni anayemsubiri.

Kilichomtoa kitini ni karatasi. Halmashauri ilikuwa imeandaa rasimu ya sheria ndogo ya kulinda maadili, kurasa nne, na mwishoni jedwali la vipengele vinane vya bidhaa ambazo mtu akikutwa anauza, ananunua au anahifadhi nyumbani kwake, ni faini au miezi sita ndani. Rasimu ilitakiwa isomwe kwenye mkutano wa hadhara, neno kwa neno, wananchi watoe maoni, wanyooshe mikono, mtendaji ahesabu na kuandika. Mkutano Jumamosi, saa nne asubuhi. Msomaji, Luhende. Na aliyekusanya saini mia tatu mtaa kwa mtaa, mpaka diwani akaona hoja hiyo ina kura ndani yake akaibeba mzimamzima, alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisani, jina lake Wilhelmina. Wilhelmina ndiye aliyemzaa mke wa Luhende.

Sasa wewe utasema, si asome tu, kuna nini? Basi wewe hujawahi kuwa na mkwe.

Luhende ni Msukuma wa Misungwi, kalelewa akijua kwamba mama mkwe akija kwa njia hii, wewe unachepuka unapita majanini. Wilhelmina naye ni Mhaya wa zamani, wa vitenge viwili na macho chini. Miaka kumi na miwili walikuwa hawajala meza moja wala kutazamana usoni. Wakiwa na la kuambiana, lilipitia kwa mtu wa katikati, hata kama wamesimama hatua tatu. "Rebeka, mwambie bibi maji ya kuoga tayari." "Rebeka, mwambie baba yako ahsante." Na Rebeka, binti wa Luhende, aliyezaliwa akayakuta, hata kichwa hakugeuza. Siku ambazo mtoto yuko shule, waliliambia jiko. Watu wa mjini wanacheka, lakini ndiyo heshima yenyewe, na ilikuwa imewatunza wote wawili vizuri tu mpaka Winnie alipougua.

Winnie ni mke wa Luhende. Mwaka jana alikutwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alichomwa mionzi wiki tano, akapona, Mungu mkubwa, lakini mionzi ilimwacha amekauka na kubana ndani, maumivu juu ya maumivu. Daktari, mama mmoja asiye na papara, aliwakalisha mke na mume akawaeleza. Kuna vifaa vya plastiki, vinne, kuanzia ukubwa wa kidole, na kuna jeli yake. Winnie atavitumia mwenyewe mara tatu kwa wiki, miaka miwili au zaidi. Asipofanya hivyo njia itaziba, na ikiziba hata yeye daktari hataweza kumpima kujua kama ugonjwa umerudi. Hilo la mwisho alilisema mara mbili, na Luhende alitoka nalo mle ndani kama mtu aliyetwishwa mzigo.

Kupata vifaa vyenyewe ikawa kazi. Alizunguka maduka matano ya dawa, kuanzia Igogo mpaka katikati ya mji, kikaratasi cha daktari mkononi. Muuzaji mmoja alisoma akaingia nyuma kwenda kucheka. Mwingine akamrudishia haraka, akamwambia, kaka, vitu hivi vina kesi. Mwisho aliishia kwa Zakia, mwenye duka la vifaa vya maharusi kwenye njia ya kushukia kivukoni. Mbele anauza udi, kanga na shanga, na nyuma ya pazia anauza mambo mengine kwa wenye ndoa zao. Zakia alikisoma kikaratasi mara mbili, hakucheka. Aliagiza kwa watu wake, na mzigo ulipofika aliufunga kwenye karatasi ya zawadi na utepe, maana ndivyo anavyofunga kila kitu. Luhende akataka kujieleza, Zakia akamkatisha. "Ngosha," alimwambia, kwa vile watu wa mjini Msukuma yeyote humwita Ngosha, "hapa kwangu mteja hana jina. Nenda kamuuguze mkeo."

Winnie naye alimwapisha mumewe. Mama asijue. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba ni uvimbe tumboni, basi, imetosha. Mambo ya huko ndani binti wa kwao humwambia shangazi, si mama, na shangazi mwenyewe alikuwa ameshakufa. "Watu wakishajua ugonjwa uko wapi, wanakutazama hapo hapo," alisema. "Mimi sitaki kutazamwa hapo na mama yangu." Luhende akaapa. Wilhelmina akaja kumuuguza mwanawe wiki sita, akafua, akapika, akasali, akijua nusu ya habari.

Mwezi uliofuata ndipo zile saini zilipoanza. Luhende hakuzihusisha na chochote. Alidhani ni moto wa kanisani tu, utazimika. Haukuzimika. Ukafika halmashauri, ukarudi mezani kwake umepigwa muhuri, na kipengele cha sita kikawa kimeandikwa hivi: vifaa vya plastiki, mpira au kioo vyenye umbo la kiungo cha mwanaume, pamoja na jeli au mafuta yatumikayo navyo. Hakuna mahali palipoandikwa isipokuwa mgonjwa. Winnie alikuwa amefikia kifaa cha tatu, na jeli ilikuwa imebaki robo.

Luhende alijitahidi, msimwone mjinga. Aliandika barua halmashauri kuuliza kama wagonjwa wanaweza kuondolewa kwenye kipengele hicho. Akajibiwa kwamba maoni yote yatolewe kwenye mkutano wa hadhara. Akamwomba Yakobo, karani wake, amsaidie kusoma siku hiyo. Yakobo alijikuna sikio, akatazama dari, akasema kwa adabu kwamba mama mkwe wake na yeye anakaa kata hiyohiyo. Kumbe! Ukihesabu vizuri, nusu ya wanaume wa kata ile wangekuwa na wakwe zao pale uwanjani, na hakuna hata mmoja huko juu aliyeliwaza hilo walipoandika neno kwa neno.

Ijumaa alitoka kazini mapema. Winnie alikuwa barazani anachambua dagaa, ungo magotini, anatupa mawe madogo uani. Luhende akakaa, akainuka, akaegemea nguzo.

"Nimwambie mama mwenyewe," alisema. "Kwa kupitia mtu. Taratibu."

"Ukimwambia, mimi mlango huo sitoki tena."

"Na ikipita?"

Winnie aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe moja, akatupa la pili. "Ikipita tutajua la kufanya," alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba hajui. Luhende alisikia uchungu wa kumkasirikia mtu unayempenda, ambao ni uchungu mbaya kwa sababu hauna pa kwenda. Alitembea mpaka ziwani, akatembea kurudi, akatembea tena.

Jumamosi akafunga shati vibaya, kifungo cha juu kwenye tundu la pili, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Uwanja wa ofisi ya kata ulijaa. Viti vingine vilitoka kanisani, mikeka ikatoka msikitini, na wasiopata pa kukaa walipanda juu ya mawe. Diwani alifungua kwa maneno marefu juu ya taifa na vijana. Wilhelmina alikaa benchi la mbele, ubavu ubavu, kitenge kimeshuka usoni ili asimtazame msomaji. Pembeni yake, Winnie. Alikuja kwa sababu mama yake alimpitia nyumbani, na angekataa angeulizwa kwa nini.

Luhende akaanza. Cha kwanza, picha. Cha pili, kanda na majarida. Cha tatu, poda na majani ya kuvutia wapenzi. Mpaka hapo watu waliitikia kwa vichwa kama wako ibadani. Kikaja cha nne, dawa za kuongeza nguvu za kiume, ziwe za kisasa ama za asili. Hapo wanaume wakawaka. Mzee mmoja juu ya jiwe akauliza ni nani amewaambia mizizi ya babu yake ni uhalifu. Mwingine akataka kujua askari ataingiaje chumbani mwake kukagua, na kwa kibali cha nani. Walipiga kelele dakika tano, diwani akanyoosha mkono akatangaza kwamba kipengele cha nne kitaangaliwa upya, na Yakobo akakikata kwa rula na wino mwekundu. Dakika tano tu, na nguvu za kiume zikawa zimetoka salama. Luhende alitazama ule mstari mwekundu kwa hasira.

Alisoma cha tano. Akafika cha sita, akanywa maji. Alikisoma chote, plastiki, mpira, kioo, umbo, jeli, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu, na jasho lilimtoka mpaka kwenye soksi. Benchi la mbele mama mkwe wake aliinamisha kichwa. Wanaume walitazama viatu vyao. Hakuna aliyecheka.

Zakia aliomba kusema. Alisimama na baibui lake, mtu mfupi, sauti haikutetemeka. Alisema anauza kwa watu wazima wenye nyumba zao, na wengine wanaletwa kwake na ugonjwa, si starehe. Sauti ikatoka nyuma ikimtaka ataje hao wagonjwa. Zakia alimtafuta msemaji kwa macho mpaka akampata. "Duka mnaweza kulifunga," alisema. "Majina hamtayapata." Akakaa, na upande wa Luhende hakutazama hata kidogo.

Ndipo Wilhelmina aliposimama. Aliupa mgongo upande wa meza, akawaelekea watu, kama desturi inavyotaka.

"Mimi niliingia chumba ambacho sikutakiwa kuingia," alisema. "Nisiulizwe ni cha nani. Mwenye chumba ni mwanamke, mgonjwa, amekwisha mifupa mitupu. Hospitali walikuwa wamembakiza siku mbili, nikasema nimfulie mashuka. Chini ya mto nikavikuta hivyo vitu. Na hiyo jeli, imechorwa mdomo mwekundu. Sasa niambieni. Ni mwanaume gani anamfanyia hivyo mwanamke ambaye hata ngazi hawezi kupanda? Nilitaka kumuuliza. Sina mdomo wa kumuuliza, kwa desturi yetu sina. Na huyo mwanamke naye, sina mdomo wa kumuuliza. Nikasema basi, mdomo serikali inao."

Akina mama wakaguna kwa pamoja, ile ya kumhurumia mtu. Masikio ya Luhende yaliwaka moto. Kwa hiyo ni yeye. Saini mia tatu, kurasa nne, diwani na maneno yake ya taifa, vyote vilitoka chini ya mto wa kitanda chake. Mwanamke yule alikuwa amelala macho miezi yote hiyo akiamini kwamba mkwe wake ni mnyama, na kwa heshima yake hakumwambia mtu hata jina. Maneno yalimjaa mdomoni. Alimtazama Winnie, na Winnie akatikisa kichwa, kidogo tu, kumkataza.

Akayameza. Akasoma vipengele viwili vilivyobaki, kisha akauliza, kwa utaratibu, wanaokubaliana na rasimu kama ilivyorekebishwa wanyooshe mikono.

Mkono wa Wilhelmina ulikuwa wa kwanza. Akina mama wa kanisani wakafuata, kisha wazee, kisha mikeka ya msikitini. Winnie alikaa na mikono mapajani. Mama yake akamgeukia, akamtazama tu, kama mtu anavyomtazama mwanawe aliyechelewa kusimama kwenye wimbo. Mkono wa Winnie ukapanda. Uliishia begani, vidole vimekunjwa, lakini ulipanda, na kazi ya Luhende ilikuwa kuhesabu, akauhesabu. Jumla mia moja themanini na tatu. Yakobo akaandika.

"Wanaopinga?"

Zakia akanyoosha wake. Wale wanaume waliopigania mizizi ya babu zao hawakujitikisa. Wao lao lilikuwa limekwisha. Yakobo akaweka kalamu kwenye moja, anasubiri. Luhende alitazama pale penye moja. Aliwaza kifaa cha nne ambacho hakijawahi kutoka kwenye karatasi yake ya zawadi, na daktari akilirudia lile neno lake mara ya pili. Kisha akaweka kalamu mezani na kunyoosha mkono wake mwenyewe.

"Mkuu," Yakobo alinong'ona, "wewe ni wa kuhesabu."

Hakuushusha. Kicheko kilianzia kwenye mawe kikazunguka uwanja, halafu kikapungua, maana walimwona hacheki. Wilhelmina alisikia, akageuka kuona kuna nini. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili mkwe na mkwe wakatazamana. Alichokiona mama yule ndicho hasa alichokuwa akikiogopa: kumbe ni yeye kweli, na hata haya hana. Alivuta kitenge akajifunika uso wote. Luhende alijua anachofikiriwa, na akakubali kifikiriwe. Aliloapa halikumkataza kunyoosha mkono.

"Mama," alisema Winnie.

Wilhelmina hakufunua uso.

"Mama, vile vitu ni vyangu. Daktari ndiye aliyeniandikia." Hakusema kwa nguvu, lakini benchi la mbele lilisikia, na waliokuwa nyuma wakanyamaza ili na wao wasikie. "Si tumbo, mama. Nilikudanganya. Ni chini. Nilichomwa mionzi huko, pamebana. Navitumia mwenyewe, peke yangu, mlango nimefunga. Yeye alizunguka maduka matano kunitafutia, na nikamwapisha asikwambie."

Wilhelmina alikaa vilevile, kitenge usoni. Halafu kikateremka polepole. Alikuwa analia, macho mekundu, na alimtazama mwanawe usoni, kwingine hakutazama.

"Inauma?" aliuliza.

"Sana," Winnie alisema.

Wilhelmina akapokea lile neno kwa kichwa, mara moja, mara mbili. Kisha akageukia mezani. Hakumtazama mkwe wake. Imetosha ile mara moja. Alimtazama karani.

"Yakobo," alisema, "mwambie mkwe wangu aanze kuhesabu upya."

Yakobo, aliyekaa bega kwa bega na bosi wake, aligeuka akamfikishia, neno kwa neno. Luhende alishusha mkono, akaufuta jasho kwenye suruali. "Mwambie mama, sawa," alisema, na Yakobo akafikisha. Diwani alikohoa, akataka kusema jambo juu ya utaratibu, lakini Luhende alikuwa ameshachukua kalamu. Akakaa kitini sawasawa, akauliza tena, wanaokubaliana wanyooshe mikono. Akaanzia benchi la mbele kama anavyoanza siku zote, na pale mwanzoni kabisa Wilhelmina alikuwa amekamata mkono wa Winnie kwa mikono yake yote miwili.